Nipe Namba ya Mwenye Ploti Wako

Jumatatu, 10 Februari

Samahani, kitabu. Tangu wiki ya Krismasi sijakugusa. Si kwamba hakukuwa na la kuandika. Nikipata nafasi ya kukaa, nalala.

Leo nimefua nguo mtaa wa Olympic kwa yule mama wa ghorofa ya tatu. Mapazia. Mapazia mazito yanameza maji yote halafu mikono inabaki kama si yangu. Mwanangu Neema nilimfunga mgongoni mpaka saa sita, kisha akalala ndani ya beseni tupu. Yule mama alipita akampiga picha. Sikupenda, lakini nilicheka. Bado nilikuwa na shuka za kufua kwake.

Habari kubwa: vyumba vya Dada vimeisha kujengwa. Vinne, mabati mapya, sakafu ya simiti, kila kimoja na dirisha lake. Viko Kawangware, upande wa Gatina. Dada Kalekye amevijenga akiwa Kuwait, miaka minne ya kupikia na kufagilia familia ya watu wengine. Hajawahi kuviona ila kwa video zangu. Anasema mimi ndiye miguu yake huku, na macho pia.

Viwili vimeshaingia watu. Namba moja ni mzee mmoja mlinzi, anafanya kazi usiku. Namba mbili ni bibi na bwana wanaouza mitumba. Waliletwa na fundi aliyejenga, anawajua. Namba tatu na namba nne natakiwa nichague watu mwenyewe.

Mimi, mpangaji wa Makina huku Kibera, nichague wapangaji. Nilicheka peke yangu nikisuuza.

Jumatano, 12 Februari

Dada ametuma sheria kwa sauti. Dakika tisa. Asiwe mlevi. Asiwe wa kupika chang'aa. Asiwe na watoto wengi. Mwanamke peke yake na mtoto, hapo niangalie sana, hao huleta wanaume wa kubadilisha. Na mtu akija, kabla ya kitu kingine chochote, anipe namba ya mwenye ploti wake wa sasa. Nimpigie, niulize huyu mtu anaishi aje na watu. Ati wenzake huko Kuwait wenye nyumba huku wote hufanya hivyo.

Hiyo ya mwanamke peke yake na mtoto aliisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nilirudisha nyuma nikasikiza tena. Alijua anaongea na nani? Neema alikuwa hapo kando anavuta waya wa chaji.

Nilimtumia kidole gumba tu.

Ijumaa, 14 Februari

Ubao nimeandika mwenyewe, kwa rangi iliyobaki ya milango. CHUMBA KIKO, na namba yangu chini. Herufi zimeenda upande. Mlinzi wa namba moja aliniambia, "Mama Neema, huo ubao umelewa." Nikaacha hivyo hivyo.

Nimekumbuka mwaka juzi. Neema wiki mbili, mimi natafuta chumba Kibera, nashikilia tumbo kwa mkono mmoja kwa sababu ya maumivu ya kujifungua. Milango saba. Saba wote waliuliza swali moja: baba ya mtoto yuko wapi. Mama Zaina peke yake ndiye hakuuliza. Aliangalia Neema akasema huyu ana baridi, ingieni. Nimekuwa kwa ploti yake tangu siku hiyo.

Niliapa wakati ule kwamba hilo swali halitatoka kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 15 Februari

Watu tisa leo. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya namba nne, Neema mapajani, kalamu mkononi. Nilivaa ile blauzi ya kanisani. Kwa nini nilivaa blauzi ya kanisani? Nilitaka nionekane mtu wa kuulizwa.

Wengi walikuwa wa kuangalia tu. Wawili ndio nimewawekea alama.

Wa kwanza anaitwa Jose, fundi wa redio na spika, anaishi huku huku Kawangware. Shati imepigwa pasi. Alisikia jina la Neema mara moja akalishika. Aliniita madam landlord. Nilimwambia mimi si landlord, ni mdogo wake, akasema, "Kwangu wewe ndiye landlord, madam." Nilifurahi. Naandika ukweli hapa, nilifurahi mpaka nikajirekebisha kwa ndoo.

Wa pili ni Akinyi, kutoka kijiji cha Raila, kule Kibera. Ana mtoto wa kike wa miaka mitano, Bella, anayekohoa. Akinyi amepata kazi ya jikoni kwa shule moja upande wa Lavington, anaanza Jumatatu tarehe ishirini na nne. Anatakiwa awe ameingia saa kumi na moja asubuhi. Kutoka Raila kwa miguu na mtoto haiwezekani. Kutoka Gatina ni dakika ishirini, na jirani anaweza kumwangalia Bella mpaka ufike wakati wa nasari. Alinieleza bila kulia na bila kunibembeleza.

Alifungua dirisha akalifunga. Akalifungua tena. Akapangusa ukingo wake kwa pembe ya leso, kama tayari ni lake. Halafu akauliza, "Choo mnaosha kwa zamu ama ni mtu mmoja?" Kati ya watu tisa, yeye peke yake aliuliza habari ya choo.

Na mimi nikamuuliza. Mbele ya mtoto. Baba yake yuko wapi.

Lilitoka tu. Nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya wale wa milango saba.

Akinyi akasema, "Ako mahali ako." Bella akamwangalia Neema mapajani pangu, akaniangalia mimi, akauliza, "Na wa huyu ako wapi?" Mamake alimfinya begani. Mimi nilijifanya naandika.

Nikamwambia anipe namba ya mwenye ploti wake. Alisita kidogo, akanipa. Kusita kwake nikakuwekea alama mbaya.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya kanisa nimepiga simu zote mbili. Nilikaa mlangoni, daftari kwa goti.

Mwenye ploti wa Jose alishika haraka. "Jose? Huyo ni malaika, madam! Mtulivu kama maji ya mtungi. Anataka kuhama lini? Leo? Mimi mwenyewe nitabeba godoro!" Nikaandika: anapendwa sana, mpaka mwenye ploti yuko tayari kubeba godoro.

Mwenye ploti wa Akinyi alinyamaza kwanza. Halafu, "Kwani anahama?" Baada ya hapo hakunyamaza tena. Huyo ni kichwa ngumu. Mdomo kama wembe. Anamaliza maji ya watu. Anagombana na kila mpangaji. Wanaume wanaingia na kutoka. "Wewe ni kama mtoto wangu. Usijiletee balaa kwa ploti mpya."

Nikamwambia asante mama, Mungu akubariki.

Nilipokata simu nilijisikia mwepesi. Hiyo ndiyo naandika kwa aibu. Sikuhuzunika hata kidogo. Dada alikuwa amenionya juu ya wanawake wa peke yao, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kukataa mwanamke wa peke yake. Sasa nimepewa sababu nyingine, safi. Namkataa kwa tabia, si kwa mtoto. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumatatu, 17 Februari

Sikumpigia. Nilituma meseji. "Habari Akinyi, pole, chumba kimeshachukuliwa."

Hakijachukuliwa na mtu yeyote. Jose anaingia namba tatu. Namba nne iko wazi kama ilivyokuwa.

Alijibu, "Sawa. Asante kwa kunijulisha."

Jumamosi, 22 Februari

Leo Jose amehamia. Mwenye ploti wake alikuja kweli, mzee mzima na kofia yake, godoro kichwani. Alikuwa mbele ya mkokoteni. Mbele! Alitua godoro, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniombea. Akaondoka haraka bila hata kunywa maji. Nikasema, kweli kuna watu wa Mungu bado.

Spika tatu kubwa ziliingia. Sikuuliza.

Saa nane hivi nikiwa kwa lango naona mwanamke anakuja na mtoto, polepole, anaangalia simu. Akinyi. Hakuwa anakuja kwangu. Nilielewa mara moja: alikuwa anatembea njia ya kwenda kazini na Bella, apime itamchukua muda gani kutoka Raila. Mtoto vumbi mpaka magotini.

Alisimama mbele ya ubao. Akausoma kwa sauti, kama mtu anayefundisha mtoto kusoma. "Chumba kiko."

Nilisema huo ubao ni wa zamani. Rangi yake bado inang'aa.

Akasema, "Si ungesema tu, mama Neema. Mimi nimezoea kuambiwa."

Akamshika Bella mkono wakaendelea. Bella aligeuka mara mbili kumpungia Neema. Neema naye akapunga. Mimi nilisimama hapo na ufunguo wa namba nne mfukoni.

Jumanne, 25 Februari

Mlinzi wa namba moja amenipigia simu nikiwa kwa kamba ya nguo. Anarudi kutoka kazini saa moja asubuhi, anataka kulala. Jose anaanza kujaribu spika saa mbili.

"Mama Neema, huyo kijana anasema moja mbili, moja mbili, tangu asubuhi. Siku ya tatu hii. Na haijawahi kufika tatu!"

Nilicheka kabla sijajizuia. Yeye hakucheka. Alisema mabati yote yanatetemeka, na bibi wa namba mbili amebeba mizigo yake ya mitumba akaenda kukaa barabarani kabla ya wakati. Alisema, "Wewe ulimuuliza mtu habari zake kabla ya kumleta?"

Nilisema nilimuuliza.

Alhamisi, 27 Februari

Andika polepole, Ndinda. Usiruke.

Leo sikuwa na kazi. Nilikuwa nafagia uwanja wa ploti hapa Makina, kama kawaida yangu, kwa sababu nikifagia Neema anacheza bila kuokota takataka. Mama Zaina alikuwa kwa kigoda chake anachambua mchele. Mfungo unaanza wikendi hii, amejaa shughuli. Simu yake ikalia.

Ilikuwa mtu anauliza habari za yule jirani wa chumba cha kona. Huyu wa kona tunamjua sote. Anakojoa kwa ukuta. Anaazima jiko la mtu analirudisha bila mguu. Jana tu Mama Zaina alimtukana mpaka mtoto wa mtaa wa pili akalia.

Nikamsikia anasema kwenye simu, sauti tamu kama halua: "Huyo? Kijana wa heshima. Msafi! Sijui nitampata wapi mwingine kama yeye. Lakini kama rizki yake iko huko, mimi ni nani nimzuie?"

Akakata simu, akaangua kicheko mpaka mchele ukamwagika. "Kwisha. Huyo nimemsukuma. Na nimeharakisha, mwanangu, kesho kutwa nimefunga, uongo sitaweza tena."

Nilisimama na ufagio. Nikauliza, "Mama, na mtu akikupigia kuuliza habari zangu?"

"Zako? Nitamwambia wewe ni mwizi wa kuku."

"Mama!"

"Ndiyo! Mwizi, mchafu, unapigana. Ukienda, nani atanifagilia huu uwanja? Mpangaji mzuri anafichwa kama sukari, Ndinda. Mbaya ndiye husifiwa mpaka mlangoni. Kila mwenye ploti anajua. Wewe kwani hukujua?"

Sikujua. Dada naye hajui, ni mara yake ya kwanza kama mimi. Aliambiwa na wenzake piga simu. Hawakumwambia namna ya kusikiliza.

Godoro kichwani. Mbele ya mkokoteni. Na yule wa Raila, "Kwani anahama?" Nilisikia vizuri kabisa. Masikio hayakuwa na shida.

Nilikaa chini hapo hapo kwa vumbi. Mama Zaina akauliza kama nimejisikia vibaya kwa sababu ya mzaha wake. Nikasema hapana mama. Sikumweleza. Angecheka, na kosa langu halikuwa la kuchekwa.

Jumamosi, 1 Machi

Nimeenda Raila na Neema mgongoni. Sikujua ploti, nikauliza tu kwa jina. Mwanamke wa kuuza omena akasema, "Akinyi yupi? Akinyi wa funguo?" Hivyo ndivyo anaitwa. Yeye ndiye hushika funguo za ploti nzima. Yeye hufungua maji asubuhi. Yeye huosha choo cha vyumba kumi na viwili, miaka mitatu sasa, na kodi analipa kama wengine wote.

Nilimkuta anasugua choo. Mwenye ploti amekaa mlangoni kwake na kikombe cha chai. Hakunijua. Sauti ya simu hana habari nayo. Akanikaribisha, "Unatafuta nyumba, mama? Hapa ni pasafi, angalia mwenyewe." Kweli palikuwa pasafi. Nilijua kwa nini.

Akinyi aliniona, akasimamisha ufagio ukutani, akanawa mikono taratibu. Tukatoka nje kwa njia. Nilimwambia yote. Kwamba nilipiga simu, niliyoambiwa, kwamba nikaamini, kwamba meseji ilikuwa uongo. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika.

Nilipofika kwa wanaume akacheka. "Wanaume! Hicho chumba? Nitawaweka wapi, chini ya karai?" Alicheka vizuri, kicheko cha kweli. Halafu kikaisha.

Nikatoa ufunguo wa namba nne. Nilikuwa nimeufunga kwa uzi mwekundu usipotee. Nikasema chumba ni chako, hata leo.

Akasema, "Kazi imeenda."

Alianza Jumatatu. Alitembea siku tatu, anatoka saa tisa na nusu usiku, saa ambayo hakuna jirani wa kumwachia mtoto, na Bella mgongoni, miaka mitano, mzito. Kifua cha Bella kikakataa hiyo baridi. Alhamisi alimkimbiza zahanati kwanza, akafika kazini saa tatu. Walikuwa wameshaita mwingine. Hakuwalaumu. Watoto wa shule lazima wapate uji.

Alhamisi. Siku ile ile mimi nafagia na kusikiliza simu ya Mama Zaina.

"Nyumba nilitaka sababu ya kazi," akasema. "Sasa unaniletea nyumba niifanyie nini?"

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Bella alikata andazi lake katikati akampa Neema kipande kikubwa. Mwenye ploti akaita kutoka ndani, "Akinyi! Ukimaliza hapo kuna mfereji!" Akinyi akaniangalia, akarudi ndani.

Nimetembea mpaka nyumbani na ufunguo mkononi. Naona haya.

Jumapili, 2 Machi

Nimempigia Dada nikamwambia. Alianza kwa kuuliza kama namba nne imekaa wazi wiki mbili. Nikasema ndiyo. Akasema yeye anavumilia huko kwa ajili ya hivyo vyumba, na mimi nachezea.

Nilimwacha amalize. Halafu nikamwambia ile sheria ya mwanamke peke yake na mtoto, mimi siifuati tena, na namba nne namwekea Akinyi. Nikamwambia hiyo sheria ni mimi. Ni mimi na Neema. Kama ningekuja kwa lango lako na hunijui, Dada, ungenifungia.

Nilisikia sahani zinagongana huko. Kisha akanong'ona, "Naitwa," akakata.

Nilisema kweli, lakini nilimwambia akiwa ameshika sahani za watu. Hata hilo lingengoja mpaka apumzike.

Alhamisi, 6 Machi

Leo mchana simu ngeni. Mwanamke, sauti ya kuchoka, yuko Kangemi. Ana vyumba vyake huko. Kuna kijana amekwenda kuuliza chumba, anaitwa Jose, fundi wa spika, ametoa namba yangu. Kijana anaishi aje na watu?

Loo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Malaika. Mtulivu kama maji ya mtungi. Ningesema hivyo mlinzi angelala, bibi wa mitumba angerudi kukaa kwake mchana, na Dada angenisamehe nusu. Sentensi moja tu. Nyuma ya yule mwanamke nilisikia mtoto mchanga analia, naye akimwambia "shh, shh" huku anangoja jibu langu.

Nikasema, "Analipa vizuri, hana matusi, si mlevi. Lakini anajaribu spika ndani ya chumba kuanzia saa mbili asubuhi, na mabati hutetemeka."

Akasema, "Wewe ni mwenye ploti kweli?" Nikasema mimi ni mdogo wake. Akanishukuru akakata.

Jioni Jose amenipigia, kumbe malalamiko ya majirani yamemchosha. "Madam! Si ungenisifu kidogo tu!" Nikamwambia kusifiwa kwake ndiko kulikomleta kwangu, na mimi sipitishi uongo huo kwa mwingine. Tumekubaliana: spika hazisemi kitu kabla ya saa nane mchana, mzee akiwa ameamka. Akitaka asubuhi, azibebe akafanyie kazi kwa kibanda cha rafiki yake barabarani. Akivunja hilo, ahame, na yeyote atakayenipigia nitamwambia tena hivi hivi. Alinung'unika. Kisha akasema sawa, akaniita madam bila landlord.

Mlinzi nimemweleza. Alisema afadhali ningedanganya. Nafikiri ilikuwa mzaha.

Ijumaa, 7 Machi

Meseji ya Dada, baada ya siku tano za kimya. Maneno machache tu: "Huyo Akinyi jina lake kamili ni nani?"

Ya Jumapili hakuyagusa. Nimesoma hiyo meseji kama mara kumi.

Jumamosi, 8 Machi

Akinyi alikuja Gatina. Sikumwita. Nilikuwa nimemtumia meseji moja tu, kwamba mimi siwezi tena kutoka Makina kila siku na mtoto mgongoni kuangalia ploti, kwamba Dada anahitaji mtu wa kuiangalia, na kwamba hiyo ni kazi, si msaada.

Alizunguka kwanza bila kunisalimia. Akaangalia choo. Akasema, "Hiki hakijaoshwa tangu kizaliwe." Akafungua bomba akalifunga. Akahesabu hatua kutoka namba nne mpaka lango. Bella alikuwa anakohoa kidogo, akaenda moja kwa moja kwa dirisha.

Halafu akaniambia masharti yake, akihesabu kwa vidole. Bure hakai, hataki huruma ya mtu. Na bure haoshi tena, miaka mitatu imemtosha. Chumba kiwe ndio malipo ya kuangalia ploti. Kazi yake itajwe moja moja. Jumapili ni yake. Na yote yaandikwe, na sahihi ya mwenye ploti mwenyewe, si yangu. "Wewe mdomo wako nimeshauona," akasema.

Nikasema ndiyo.

Akasema hajakubali bado. Akiona karatasi ndipo atajua. Ufunguo nilimpa ashike, akakataa, akasema niuning'inize kwa msumari wa mlangoni.

Jambo la mwisho aliuliza akiwa tayari ametoka kwa lango. "Na siku nikitaka kuhama hapa, dadako atasema nini juu yangu?"

Ubao nimeung'oa. Nimeuweka nyuma ya mlango wa namba nne, maandishi yakiangalia ukuta.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ndogo tangu asubuhi. Kanisani sikuenda. Neema amelala, mguu mmoja nje ya blanketi. Mama Zaina amefunga, ameketi kimya mlangoni kwake na tasbihi. Yule wa kona bado hajahama.

Ile meseji ya uongo bado iko kwa simu yangu. Sikuifuta.

Jioni nitamwandikia Dada. Naanza hapa nisisahau. Vitu ambavyo bado nahitaji atume:

Barua ya mkono wake, si sauti. Majina ya Akinyi yote, matatu. Kwamba anakaa namba nne, na malipo ya chumba ni kazi: funguo, bomba, choo, lango. Jumapili si siku ya kazi. Sahihi.

Kopi ya kitambulisho cha Dada mwenyewe, mbele na nyuma.

Kufuli moja ya lango, ya nguvu, yenye funguo mbili. Za huku zinashika kutu haraka.

Soksi za Neema, za miaka miwili. Za Bella pia, za miaka mitano, nzito.

Barua ya pili, iandikwe sasa hivi kabla hatujamzoea. Kwamba siku Akinyi akitaka kuhama, mtu akitupigia, tutasema ukweli. Na hiyo nayo sahihi.